Ukikutana na Mchina anaitwa Ma: namna ya kulisoma hilo jina bila kuumbuka

Mara ya kwanza naenda Guangzhou kufunga mzigo nilipewa kadi ya bosi mmoja wa kiwanda, imeandikwa Ma halafu mbele yake jina lingine refu, mi nikajua hiyo Ma ni kifupi cha cheo fulani hivi, nikairuka, nikamwita kwa lile la mwisho kama ninavyomwita mshkaji wangu Juma. Jamaa akatulia kidogo, dada mkalimani akaangalia chini. Nikaambiwa pembeni kwamba ukoo ndo hiyo Ma, sasa mwite Ma laoban, yani bosi Ma, nikarudi nikaita kwa sauti ya kujiamini kabisa na ofisi nzima ikacheka. Kwa nini walicheka nitawaambia hapo chini. Nawaandikia nyie mnaoanza safari za kule, maana akina Ma mtakutana nao tu, ni zaidi ya watu milioni 10 na jina lao liko kwenye yale 20 yanayoongoza China.

Anza na mpangilio. Kwao ukoo unatangulia, jina la mtu linafuata. Yule wa Alibaba tunayemwita Jack Ma, kwao ni Ma Yun. Shida inakuja wakiwa nje, wengi wanageuza ili wazungu waelewe, kama yule mpiga selo Yo-Yo Ma aliyezaliwa Paris 1955. Sasa utajuaje kipi ni kipi? Angalia kipande chenye silabi moja, mara nyingi ndo ukoo, na kile cha silabi mbili ndo jina lake. Vikiwa vyote silabi moja, kama Ma Long wa tenisi ya mezani mwenye dhahabu 6 za Olimpiki, uliza tu, hakuna aibu. Na mwanamke akiolewa habadilishi ukoo, kwa hiyo ukimkuta mama anaitwa Ma usidhani mumewe ni Ma, huyo ni Ma wa baba yake.

Sasa sauti, na hapa ndo penye kesi yangu. Kichina silabi moja ukiibadilishia mlio inakuwa neno lingine kabisa. Ma ukiivuta juu bila kuishusha, kama unaimba noti moja, ni mama, hii hata sisi inatukaa mdomoni. Ukiipandisha kama unauliza "eeh?" ni katani, hiyo hiyo ya kusokotea kamba. Ukiizamisha chini halafu ukairudisha juu taratibu, kama mtu mzima anayesikia umbea na hauamini, hapo ni farasi, na farasi ndo jina la ukoo tunaouongelea. Ukiikata kwa ghafla kwenda chini kama unamkemea mtoto, wee!, hiyo ni kutukana. Mi siku ile niliikata. Kwa hiyo mbele ya wafanyakazi wake nilikuwa nasema kitu kama "mtukane bosi". Wana sentensi ya kufanyia mazoezi, mama ma ma, maana yake mama anamtukana farasi, irudie bafuni mpaka ulimi uchoke.

Halafu jifunze kuiandika, ni rahisi kuliko unavyofikiri na wanafurahi sana wakikuona. Ni 马, mikato mitatu. Wa kwanza unaanzia kushoto unaenda kulia halafu unakunja kushuka. Wa pili unaanzia juu kushoto, unashuka, unakunja kulia, unashuka tena na mwisho unaweka kindoano kuelekea ndani. Wa tatu ni mstari mmoja wa kulala pale katikati, basi. Ukiwa Taiwan au Hong Kong utakuta ya zamani, 馬, hiyo ina mikato 10 na ukiikazia macho unamwona mnyama mwenyewe, manyoya ya shingo yanapepea juu na nukta nne chini ndo miguu.

Jina lilitoka wapi? Wenyewe wanasimulia kuhusu Zhao She, jemadari wa dola ya Zhao aliyewapiga jeshi la Qin pale Yanyu mwaka 270 kabla ya Kristo, mfalme akampa cheo cha bwana wa Mafu, wajukuu wakajiita Mafu, baadae wakakata ikabaki Ma. Ila usije ukamwambia kila Ma kwamba we ni wa Zhao She, maana kuna akina Ma wengi ambao damu yao imepita njia nyingine kabisa, na hao ndo wananivutia mimi.

Kule kuna Waislamu wanaitwa Wahui, na kati yao Ma imejaa mpaka kuna msemo kwamba Wahui kumi, tisa ni Ma. Sababu kubwa inayotajwa ni Muhammad. Zama za nasaba ya Ming Waislamu walitakiwa kujichanganya na kuchukua majina ya Kichina, na Muhammad enzi hizo lilikuwa linaandikwa kwa kuanza na hiyo hiyo herufi ya farasi, wengi wakaikamata hiyo. Ukiona mgahawa wa tambi za nyama ya ng'ombe za Lanzhou, mlangoni kuna kibao cha kijani chenye alama ya halali, uliza mwenyewe anaitwa nani, uwezekano mkubwa ni Ma. Hata hizo tambi zenyewe wanamtaja Ma Baozi kama aliyeanza kuziuza Lanzhou mwaka 1915. Mi pale karibu na hoteli nilikokuwa nafikia nilikuwa nakula kwa Ma mmoja wa Qinghai kila jioni, anavuta unga mikononi unakuwa nyuzi, akisikia salamu yako ya Kiislamu anakuongezea nyama.

Na huyu mnamjua hata kama hamjui kwamba mnamjua: Zheng He, amiri wa yale majahazi makubwa ya Ming yaliyofika mpaka mwambao wetu. Kazaliwa Yunnan mwaka 1371 akiitwa Ma He. Baba yake kwenye jiwe la kaburi kaandikwa Ma Haji, haji hiyo hiyo ya kwetu, mtu aliyeenda Makka. Mtoto alitekwa vitani, akahasiwa, akalelewa kwenye nyumba ya mwana wa mfalme ambaye baadae ndo akawa mfalme Yongle, na mwaka 1404 Yongle akampa ukoo mpya wa Zheng kama zawadi. Mwaka 1415 twiga wa Malindi alitembezwa mbele ya huyo mfalme, wakasema ni qilin, mnyama wa neema kwenye hadithi zao. Zheng He mwenyewe kwa kuwa hakuweza kuzaa alimchukua mtoto wa kaka yake, uzao ukaendelea kwa jina la Zheng. Kwa hiyo kuna akina Zheng ambao kiasili ni Ma, usishangae.

Ila tahadhari, usimfanye kila Ma Mwislamu. Ma Yun hayumo humo, Ma Huateng wa Tencent, kampuni ya ile app ya kuchati WeChat, naye hayumo, na wala hao wawili si ndugu. Huyo Huateng kwa wazungu anajiita Pony, yani farasi mdogo, kajitania mwenyewe.

Pia si kila herufi ya farasi ni ukoo. Marx kwa Kichina anaanza nayo, Elon Musk anaanza nayo, Obama anamalizia nayo, wanaazima sauti tu. Halafu kuna akina Ma waliojificha: Malaysia na Singapore utakuta wameandikwa Mah au Beh, ni farasi huyo huyo kwa lahaja nyingine.

Kuita sasa. Bwana ni Ma xiansheng, mwalimu ni Ma laoshi, ukoo kwanza cheo baadae. Mkizoeana, mkubwa wako utamwita Lao Ma, mzee Ma, na kwa bahati nzuri wana methali kwamba farasi mzee anaijua njia, kwa hiyo ukimwita hivyo huku unamuomba ushauri wa bei anayeyuka kabisa. Ila subiri akuruhusu.

Na kwenye WeChat usisevu "Ma" peke yake. Weka mji na bidhaa, Ma Yiwu vitasa, Ma Foshan vigae. Mi ninao saba, na kuna siku nilituma oda ya makufuli 200 kwa yule Ma wa tambi, akanijibu na picha ya bakuli na alama ya kuuliza.