Kuomba uzamili wa sera na data ukiwa Dar: anza na hela, chuo baadaye

Kila Oktoba meseji ni ileile: "Kaka, dirisha linafungwa wiki ijayo, nipitie insha yangu." Napitia, ila kwa shingo upande. Maombi haya huanza mwaka mzima kabla.

Hatua ya 1: Fuata hela. Wengi wetu huchagua chuo kwanza, ndipo wasake mfadhili. Geuza. LSE, chuo cha London, ina MPA (uzamili wa utawala wa umma) nzuri ya sayansi ya data kwa sera za umma, lakini ni ya miezi 21, wakati Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka mmoja tu, tena hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi. Kijana mmoja wa Mbagala aliandika insha tatu safi kabisa kabla hajaligundua hilo. Kozi za aina hii za Hertie, chuo cha sera cha Berlin, na Harris, shule ya sera ya Chuo Kikuu cha Chicago, nazo ni za miaka miwili. Huko uliza ufadhili wa chuo chenyewe, au Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, kwa vyuo vya huko.

Hatua ya 2: Barua za mapendekezo. Hakuna kinachochelewa kama hizi. Mhadhiri ana mamia ya wanafunzi, barua pepe yako itazama. Nenda ofisini kwake, vumilia benchi la nje, na ubebe karatasi moja: tarehe, vyuo, alama ulizopata kwenye somo lake. Wangu mmoja alisahau, nikafungiwa mlango nikiwa na barua mbili kati ya tatu.

Hatua ya 3: GPA, yaani wastani wa alama zako. Ya Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) ni kati ya 5, fomu za Marekani hudhani kati ya 4. Usiigeuze mwenyewe. Andika "3.9 kati ya 5.0".

Hatua ya 4: Insha. "Tangu utotoni nina ndoto ya kuleta mabadiliko": futa. Weka data uliyoishika kwa mikono yako. Dada mmoja alilinganisha wilaya za Dar kwa sensa ya 2012 na ya 2022. Mchoro ukaonyesha Kinondoni imeporomoka kutoka watu 1,775,049 hadi 982,328. Watu wamehamia wapi? Hawajahama: Ubungo ilikatwa humo katikati ya sensa hizo. Insha yake ikaanzia kwenye kosa hilo, ikaeleza alivyoirudisha Ubungo ndani ya Kinondoni ili alinganishe sawa kwa sawa, na jinsi mpangaji asiyejua angewapunguzia dawa watu ambao bado wapo. Aya mbili tu, lakini msomaji anaona mtu anayejua kazi.

Hatua ya 5: Kutuma. Andika tarehe zote kwa saa za hapa. Dakika moja kabla ya usiku wa manane Chicago, mwezi Januari, ni saa 2:59 asubuhi ya kesho yake Dar. Usiisubiri. Tuma siku tatu kabla, umeme ukiwepo.