Vile unaweza kupata masaa mawili ya utulivu na filamu moja, hata kama unaishi ploti ya kelele

Wacha nianze na kitu kitakachoudhi wengi: kama unatafuta utulivu, achana na series. Series imetengenezwa isiishe, kila episodi inakuachia swali ndio ubonyeze ingine, saa nane usiku bado uko macho na kesho ni kazi. Filamu inaisha. Halafu ikiisha unabaki wewe na chumba chako, na hapo ndio utulivu wenyewe unaanza, kwa hivyo haya yote naandika ni ya kukufikisha hizo dakika za mwisho ukiwa bado na akili zako.

Shida ya kwanza ni saa. Wengi hujaribu usiku, umetoka job, umekula ugali, umelala kitandani na laptop kifuani, dakika ya ishirini unakoroma. Na jioni unajua vile ploti za Manyatta ama Nyalenda hapa Kisumu huwa, jirani ana woofa, watoto wanacheza kati kwa koridoo, mtu anakaanga omena na kuongea na simu kwa laudspika. Jumamosi alfajiri saa kumi na moja ndio saa yenyewe. Adhana itakupata ukiwa umeanza, si mbaya, hewa ya Kisumu bado iko poa hata hauhitaji feni, na hakuna mtu atakupigia kuuliza ile mambo imefika wapi. Huku jua hutoka kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, so filamu ya dakika 90 ukiianza saa kumi na moja inaisha tu kukipambazuka, kabla majirani waanze kuburura mitungi.

Saa ya pili nzuri ni stima ikipotea. Watu hulia stima ikienda lakini hebu sikiliza siku moja: woofa zote zimezima pamoja, posho mill imenyamaza, yule jamaa wa kuchomelea mageti amenyamaza, ploti nzima watu wametoka nje wanaongea pole pole. Ukiwa na laptop imejaa chaji wewe ndio tajiri wa ploti. Lakini lazima ujipange mapema, chaji kila jioni, na filamu iwe ndani ya laptop tayari maana stima ikienda hata netiwaki huanza kuyumba. Hizi laptop zetu za eks-UK, zilizotumika kwanza Uingereza, betri zake zinajulikana kwa kuisha haraka, kwa hivyo punguza mwangaza wa skrini, zima Wi-Fi na Bluetooth, na uchomoe flash ukishakopi.

Bundles nazo zisikumalize. Picha safi ya HD inaweza kula mpaka GB 3 kwa saa, ukishusha kwa kiwango cha chini ni chini ya GB moja na kwa skrini ndogo hata hutaona tofauti sana. Dawnlodi ukiwa mahali pana Wi-Fi. Ukienda kwa yule kijana wa duka la muvi na flash, andika jina la filamu kwa karatasi, usimwambie akuwekee kitu kizuri, atakujazia mabomu na magari. Za Wakenya tafuta njia ya kulipia, hao wasanii wetu pia hulipa rent.

Sasa utazame nini? DJ Afro, yule anayesimulia filamu za nje kwa sauti yake, nampenda sana, hiyo ni ya kutazama kwa kibanda na watu mkicheka mpaka machozi, lakini hapa unataka kitu ambacho hakuna mtu anakuelezea. Anza na fupi. Supa Modo ya Likarion Wainaina ya 2018 ni dakika 74 tu, msichana mgonjwa anayependa mashujaa wa sinema na kijiji kinachojipanga kumpatia ndoto yake, beba leso. Halafu kuna Mwirani anaitwa Abbas Kiarostami, 1987 alitengeneza Where Is the Friend's House?, hadithi yote ni kijana wa shule amebeba daftari ya deskmeti wake bila kujua, na mwalimu ameshaapa huyo mwenzake akikosa tena kuandika homework kwa daftari yake atafukuzwa. Basi. Anakimbia kijiji cha pili kutafuta nyumba. Hakuna bunduki hata moja na moyo utakudunda, hasa kama ulisoma shule zetu na unajua mwalimu wa aina hiyo. Ukishazoea ndio uende kwa Tokyo Story ya Mjapani Ozu, 1953, hiyo inapita masaa mawili, wazee wanatoka mji mdogo wa mbali kutembelea watoto wao Tokyo na watoto wako bize. Kamera ameiweka chini kabisa unaona ni kama umekaa nao kwa mkeka. Mtu mwenye wazazi huko shags aitazame siku ako na kredo ya kupiga simu.

Simu. Hapa ndio kuna vita. Ikiwa filamu iko kwa laptop, simu iende kabatini ikiwa imezimwa, si sailenti, imezimwa. Ikiwa unatazamia kwa simu yenyewe basi weka flight mode, maana group ya chama, group ya harusi na group ya matanga hazijui wewe umepumzika. Kama mama huwa anakupigia asubuhi mwambie jana yake, "Mama, kesho nitakupigia mimi saa mbili," asianze kufikiria mabaya. Na kama uko na bibi ama bwana na watoto, usiibe hayo masaa, omba. Baba watoto akae na watoto wiki hii, wiki ijayo mbadilishane, na ikiwa zamu yako ya kukaa nao usianze kubisha mlango kuuliza sukari iko wapi.

Kaa kwa kiti. Watu wa Nakuru najua baridi yenu, mko juu mita 1,850 hivi na sisi tuko 1,130, jifunikeni blanketi lakini kwa kiti. Sisi wa ziwani shida yetu ni mbu na wale wadudu wanaofuata taa, so ukilazimika ingia na laptop kwa chandarua, ila iweke juu ya ubao ama kitabu kigumu, godoro huziba pale inapumulia inachemka. Mvua ikianza kwa mabati usishindane nayo, weka sabtaito uendelee.

Dakika kama kumi na tano za kwanza akili itapiga kelele: rent, tokeni, yule mtu hajarudisha pesa. Weka daftari kando, andika neno moja, "tokeni", urudi kwa filamu. Usiisimamishe katikati. Usirudishe nyuma eti hukusikia vizuri, itajieleza mbele.

Majina yakianza kupanda mwishoni, usiguse kitu. Usikimbilie kusoma watu wanasema nini. Kaa tu. Mimi hapo ndio hukumbuka watu, mtu sijaongea naye miezi, ama kitu nilisema kwa hasira na nikakifunika na kazi, kinatoka chenyewe bila kuitwa. Siku zingine ni huzuni tu haina hata jina. Siku zingine hakuna kitu, nasikia jogoo wa jirani na naenda kuweka chai. Zote ni sawa, usitafute ujumbe wa filamu kama mtihani wa fasihi.

Na ikikuboo? Ipatie nusu saa. Ikikataa izime, ifute kwa flash, na ukae hivyo hivyo mpaka ule muda uliomba uishe, kwani nani atajua.