Kabla ya Kupiga Honi Langoni kwa Rafiki wa Zamani

Rafiki ambaye hamjaonana kwa miaka kumi na mitano ni watu wawili: yule unayemkumbuka, aliyekuwa akipanda mlima huku anapiga mluzi, na huyu atakayekufungulia lango. Safari nyingi za kumfuata kwa gari la kulala ndani ili mpande mlima pamoja huharibika kwa sababu tunamwandalia yule wa kwanza. Kwa hiyo kabla ya kugusa tairi wala ramani, piga simu. Nasema simu, si ujumbe, maana kwenye ujumbe kila mtu ni mzima. Muulize magoti yanaendaje, anameza dawa gani, mara ya mwisho alitembea mwendo mrefu lini. Anza wewe kukiri kwamba mgongo unakusumbua, na lake utalisikia.

Simu hiyohiyo iulizie maegesho. Gari-nyumba, lenye kitanda, jiko na choo ndani, si la kusukumiza popote mbele ya nyumba ya mtu. Njia yake ina upana gani? Kuna matawi au nyaya zinazoning'inia? Uwanja ni tambarare? Gari kubwa linaruhusiwa kulala mtaani kwake? Pima kimo cha gari pamoja na kiyoyozi cha paani, ukiandike kwenye karatasi na kuibandika karibu na usukani. Ukikata kona, mkia ulio nyuma ya magurudumu hutupwa upande wa pili, na huo ndio unaokwangua nguzo za lango, basi ashuke mtu akuongoze. Beba vibao vya kusawazishia magurudumu, kwani friji ya gesi haipoi vizuri gari likilala upande. Na usichomeke waya kwenye umeme wa mwenyeji bila kumwambia. Soketi ya nyumbani inaweza kushindwa kubeba kiyoyozi na hita ya maji kwa pamoja.

Upepo wa tairi upimwe zikiwa baridi, kabla ya kuondoka. Kagua na ubavuni, kwa sababu tairi iliyosimama muda mrefu hupata nyufa hata kama si kipara. Kisha bonyeza kitufe cha kujaribia king'ora cha kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini. Jiko si la kuotea moto usiku, wala jenereta si la kuachwa likinguruma mkiwa mmelala.

Sasa buti, ambazo zilinitia aibu. Zangu nilizitoa kabatini zinang'aa, nikajisifu kwa kuzitunza. Kilomita ya pili soli ya kushoto ikaanza kupiga makofi. Kwenye ya tatu ikabaki njiani, imelala kifudifudi kama kobe aliyechoka. Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaifunga kwa kamba ya begi lake na tukarudi tukichechemea. Baadaye nikajua kwamba sponji ya poliurethani iliyopo katikati ya soli huliwa polepole na unyevu wa hewa, buti zivaliwe zisivaliwe. Kwa hiyo zikunje, uibonyeze ile sponji kwa dole gumba. Ikimomonyoka kama biskuti kavu, nunua nyingine mapema, uzivae wiki kadhaa ili malengelenge yakutoke nyumbani, si mlimani.

Muda wa njia upigieni hesabu pamoja. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5 hivi, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 10 yenye mwinuko wa mita 600 itawachukua saa 3, lakini hizo ni za mtu mwenye pumzi, asiyesimama. Nyinyi ongezeni nusu yake, maana mna hadithi za miaka yote hiyo, na hakuna anayesimulia vizuri huku anahema. Saa ya kugeuza kurudi ikubaliwe mkiwa bado chini. Kule juu, marafiki wa zamani hurudia utoto na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema amechoka. Mwenye mwendo wa polepole atangulie.

Maji, hesabuni nusu lita kwa kila saa, zaidi jua likiwa kali. Lita moja ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo gawaneni mzigo. Joto hushuka nyuzi 6 hivi kila mkipanda mita 1000, hivyo koti liwemo hata kama chini mnatokwa na jasho. Kama njia inapita mita 2500, aliyetoka bondeni kwa gari alale usiku mmoja au miwili kwenye mwinuko wa kati kwanza. Kichwa kikimuuma na kichefuchefu kikimshika huko juu, asiendelee kupanda. Taa ya kichwani kila mtu na yake. Mtu anayebaki aachiwe jina la njia na saa mnayotarajiwa, kwani mtandao wa simu milimani si wa kutegemea.

Jioni ya kuamkia siku ya kupanda, jaza tangi la maji safi, na egesha gari pua ikitazama barabara. Weka ndala karibu na mlango na birika lenye maji jikoni. Ufunguo wa akiba mpe rafiki yako autie mfukoni mwake.