Fidia ya mapafu kwa wachimbaji: anza na daftari la kazi

Silikosisi ni ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi laini la mawe yenye silika. Haina tiba ya kuiondoa, na dalili zake (kikohozi kisichokwisha, pumzi kukata, kukonda) zinafanana na za kifua kikuu. Kwa hiyo wapo wanaorudia dozi ya TB huku makohozi hayaonyeshi vimelea. Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara, kwa anayedai Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF).

Hatua ya 1: Andika kazi zako zote kwenye daftari. Fanya hivyo kabla ya kwenda kwa daktari. Picha ya eksirei huonyesha makovu. Haisemi vumbi ulilivutia wapi. Mstari mmoja uwe hivi: "2011–2016, chini ya duara (shimo la mgodi), mshika drili, kuchoronga kikavu bila maji, barakoa ya kitambaa." Weka hata miezi ya kwenye karasha (mashine ya kusaga mawe). Usifiche sigara, wala miaka uliyochimba kivyako; vikija kujulikana baadaye, maelezo yako mengine yatatiliwa shaka.

Huna barua ya ajira? Omba NSSF (Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii) taarifa ya michango yako. Inaonyesha mwajiri gani alichangia na mwezi gani, na kwangu mimi ina uzito kuliko mashahidi watatu wa kijiweni.

Hatua ya 2: Hospitali. Makohozi, eksirei ya kifua, kipimo cha upumuaji. Mpe daktari nakala ya daftari na umwombe aandike ugonjwa kwa jina lake pamoja na uhusiano wake na kazi. "Tatizo la kifua" halitakusaidia. Ukikutwa na TB pia, usikate tamaa: silikosisi huifungulia TB njia, na moja haifuti nyingine. Kwa waliopo Mirerani, hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, ina uzoefu mkubwa wa magonjwa haya.

Hatua ya 3: Taarifa. Mpe mwajiri kwa maandishi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Yeye ndiye anayepaswa kuijulisha WCF. Akikaa kimya, peleka mwenyewe au tuma ndugu. Usingoje miezi 12 ipite.

Hatua ya 4: Malipo. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Matibabu yana fao lake. Mchango hulipwa na mwajiri peke yake, kwa hiyo ukiona umekatwa kwenye mshahara, lalamika.

Wachimbaji wa mgao (wanaolipwa sehemu ya mawe yanayopatikana badala ya mshahara) ndio wenye kazi ngumu, maana Mfuko ni wa walioajiriwa. Lakini kukosa mkataba wa maandishi si kukosa ajira: kama mwenye duara ndiye aliyekupangia zamu, akakupa vifaa na kukulipa, eleza hayo yote.

Dai likikataliwa, taka sababu kwa barua. Pingamizi huanzia kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko, kisha kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi, na baada ya hapo Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.