Namna ya Kulitambua na Kulitunza Jino Linaloanza Kuoza

Mzazi wa Kirumba au Igogo, jijini Mwanza, hahitaji kusubiri mtoto alie usiku ndipo ashughulikie meno yake. Mara moja kwa mwezi, mkalishe penye mwanga, inua mdomo wa juu, kausha meno kwa kitambaa safi, kisha utazame kwa makini pale jino linapokutana na ufizi. Doa jeupe lisilong'aa, mfano wa chaki, ni dalili ya kwanza ya kuoza, na mara nyingi huonekana jino likiwa kavu tu. Usilichokonoe kwa pini, kwa sababu ncha kali huweza kutoboa tabaka la juu ambalo bado linaweza kupona.

Mpigishe mswaki asubuhi na kabla ya kulala kwa dawa yenye floridi, kiasi cha punje ya mchele akiwa chini ya miaka 3, na punje ya njegere akizidi hapo; ateme povu bila kusukutua.

Shimo likishatokea, muulize daktari wa meno kuhusu floridi ya fedha (dawa ya maji yenye floridi na madini ya fedha), ambayo hupakwa bila kuchimba na huweza kusimamisha uozo, ingawa hulitia weusi eneo lililooza. Njia nyingine, iliyoanza kutumika hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, ni kukwangua sehemu laini kwa vifaa vya mkono na kuziba, bila mashine wala umeme. Naiona inawafaa hasa watoto wa visiwani Ukerewe. Jino linalouma lenyewe usiku, au lililovimbisha ufizi, limevuka hatua hizo: mpeleke siku hiyo hiyo.