Mrija wa Shingoni Ukishatolewa: Kulinda Pumzi ya Mgonjwa Nyumbani

Mrija wa trakeostomi, yaani ule wa kupumulia unaopitishwa kwenye tundu la shingoni, ukishatolewa, tundu hilo hujifunga lenyewe, mara nyingi ndani ya wiki moja au mbili. Lifunike kwa shashi safi iliyokunjwa, ubandike plasta pande zote nne hewa isipenye. Badilisha kila siku, na kila inapolowa makohozi. Akikohoa au kuongea, abonyeze shashi kwa vidole viwili. Hewa ikitorokea hapo, tundu hukawia kufunga na kikohozi hukosa nguvu. Akioga, maji yasifike shingoni. Jiko la makaa lisiingie chumbani kwake, hata kwenye baridi ya Julai.

Tunachohofia zaidi huja wiki au miezi baadaye, familia ikishatulia. Pale mrija, au puto dogo la hewa linalouzunguka kwa ndani, lilipokuwa likigusa, nyama au kovu huota na kubana koo la hewa. Kwa mtu mzima koo hilo lina upana wa milimita 15 hadi 20 hivi. Likibanwa chini ya milimita 8, atahema akipanda ngazi. Chini ya 5, atahema hata ameketi. Hapo mafua kidogo tu yanatosha kuziba nafasi iliyobaki.

Wengi hudhani ni pumu, na eksirei ya kifua inaweza kuonekana safi. Sikiliza kwa makini: filimbi ya pumu hutoka kifuani, zaidi anapotoa pumzi. Koo likibana, mlio huwa shingoni, na husikika anapovuta. Inhela isiposaidia, mwambie daktari waziwazi kwamba aliwahi kuwekwa mrija, kisha uombe wataalamu wa masikio, pua na koo, kama wale wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, wamchungulie koo kwa kamera.

Akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikibonyea ndani, au midomo ikigeuka buluu, usingoje kupambazuke. Mketishe wima, usimlaze. Piga 999 au 112, na kukiwa na jam mkimbize hospitali ya karibu yenye oksijeni, si lazima ile iliyomtibu. Usijaribu kurudisha mrija: tundu husinyaa haraka, nao unaweza kupenya kwenye nyama. Akiacha kupumua, ziba tundu kwa kiganja, bana pua yake, umpulizie mdomoni mpaka kifua kiinuke.