SOMO: Unaagiza gari jipya la porini, uchukue injini ipi? 2.4, 2.8 au 4.2

Wakuu, salaam. Wiki hii peke yake nimepigiwa simu tatu kwa swali lilelile: "Tunaagiza gari jipya, tuchukue 2.8 au 4.2?" Nimechoka kurudia. Naandika mara moja, mkiulizwa tumeni huu uzi. Mimi nasimamia magari ya kazi hapa Kigoma mwaka wa kumi na nne sasa. Siuzi gari na sili kamisheni ya mtu.

Nazungumzia gari jipya, lile unalojaza fomu ukachagua injini mwenyewe. Hizo 2.4, 2.8 na 4.2 ni lita za ujazo wa injini. Mtumba wa Japani ni somo lingine.

Hatua ya 1. Andika safari zako za mwezi mzima. Zile ulizokwenda kweli, sio unazoota.

Hatua ya 2. Andika mzigo: watu wangapi, madumu mangapi ya mawese, unavuta trela la boti au huvuti.

Hatua ya 3. Kodi. Vijiweni wanadanganyana sana hapa. Ushuru wa bidhaa kwa gari la abiria unakwenda kwa ujazo wa injini: hadi cc 1,000 hakuna, cc 1,001 hadi 2,000 ni 5%, kuanzia hapo kwenda juu ni 10%. Kwa hiyo 2.4, 2.8, 4.2 na hata V8 ya 4.5 zote ziko kapu moja. Ukisikia "chukua 2.8 ukwepe kodi", aliyesema hajawahi kulipa. Chukua gari lililofika bandarini kwa milioni 100: ushuru wa forodha 25% unakuwa 125, ushuru wa bidhaa 10% unafika 137.5, VAT 18% unafika 162.25. Tozo ndogondogo sijaweka. Lingekuwa chini ya cc 2,000 ungeishia karibu 154.9. Pickup ina hesabu yake, muulize wakala wako wa forodha. Na road licence ya kila mwaka ilifutwa 2017, msitishane nayo.

Hatua ya 4. Achana na farasi, tazama mvuto (torque, inapimwa kwa Nm). Natumia namba za Toyota maana ndizo zimejaa huku. 1HZ, yaani 4.2: cc 4,164, silinda sita, haina tabo (feni ya kusukuma hewa ndani ya injini), farasi 130 hivi, mvuto Nm 285 kwenye mizunguko 2,200. 1GD, yaani 2.8: cc 2,755, silinda nne, ina tabo, farasi 204, na ikiwa na gia otomatiki mvuto ni Nm 500 kuanzia mizunguko 1,600. Hilux ya 2.4 inafika hadi Nm 400. Umeona? Injini "ndogo" inavuta kuliko "kubwa". Anayesema cc nyingi ndiyo nguvu amebaki 1990, mwaka 1HZ ilipotoka.

Ila karatasi haina tope. Tabo chini ya mizunguko 1,500 bado imelala. Ukiwa na gia ya mkono kwenye tope la Nguruka, unaachia klachi polepole, unasikia gari linawaza kwanza. 1HZ inavuta tangu sailensa, yaani hujakanyaga mafuta bado, kama ng'ombe wa jembe, taratibu lakini haiulizi. Ukiingiza gia ya chini ya foo wili tofauti hiyo inapungua sana, kwa hiyo isiwe sababu yako ya kwanza.

Hatua ya 5. Mafuta. SOMENI HAPA. Hii ndiyo niliyoharibu mimi.

Tuliagiza double cabin mpya ya tabo. Kwenye fomu kulikuwa na kifaa cha ziada, filta ya pili ya kutenganisha maji na dizeli. Bei yake ndogo tu ukilinganisha na gari. Nikaikata kwa kalamu mwenyewe ili bajeti ikae sawa, nikajisifu na ofisini. Mwaka wa kwanza hakuna shida, gari linakunywa sheli za mjini. Masika ya mwaka wa pili likaenda kusini, njia ya Kalya. Safari ikarefuka, dereva akanunua dizeli ya pipa, ile ya mashine za kusaga. Pipa limekaa nje, kifuniko kimelegea, mvua wiki nzima. Taa ya filta ikawaka kwenye dashibodi. Akanipigia, mtandao unakatakata, nikamjibu, "Ni taa tu, njoo nayo tutaangalia." Hayo maneno ni yangu, simsingizii dereva. Baada ya kilomita 40 hivi injini ikaanza kugonga kama mtu anapiga debe, ikakosa nguvu, ikazima. Ikarudi mjini juu ya fuso.

Tukafungua filta tukamimina kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa kichwa. Tukaiweka mezani. Baada ya robo saa yamejitenga: dizeli juu, maji chini, mstari umenyooka kama mawese juu ya mchuzi. Vidole vitatu vya maji. Nozeli zote nne, zile za kupulizia dizeli kwenye silinda, zimekufa na pampu nayo. Zaidi ya milioni nane, na wiki tano gari limekaa kwenye matofali.

Kwa nini? Injini za kisasa za dizeli zinasukuma mafuta kwa presha ya bar elfu mbili hivi, kwenye matundu membamba mno. Dizeli yenyewe ndiyo grisi ya pampu na nozeli. Maji hayalainishi, yanakwangua chuma na kuleta kutu. 1HZ ina pampu ya kizamani, presha yake ni sehemu ndogo tu ya hiyo, kwa hiyo inavumilia uchafu zaidi. Kuvumilia SIO kunywa maji. Nimeshaona 1HZ imekufa pampu kwa sababu mwenyewe aliambiwa "hiyo inakunywa chochote".

Kwa hiyo:
- Ukichagua tabo ya kisasa, filta ya pili ya maji ni lazima. Usiikate.
- Taa ya filta ikiwaka, simama. Fungua koki ya chini ya filta, mwaga mpaka itoke dizeli tupu. Kazi ya dakika tano.
- Mafuta ya pipa: liache pipa litulie usiku kucha, nyonya juu, usifike chini, chuja.
- Dizeli iliyochakachuliwa na mafuta ya taa ni balaa hilohilo: mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli. Tangu kodi ya mafuta ya taa ipandishwe 2011 mchezo umepungua, lakini bei ikikushangaza kwa urahisi, jiulize.

Hatua ya 6. Fundi. Nozeli za 1HZ zinapimwa kwa pampu ya mkono hapa hapa Mwanga, Kigoma mjini. Nozeli mpya za 2.8 kila moja ina namba yake, inaingizwa kwenye kompyuta ya gari, la sivyo injini inatetemeka. Uliza kwanza nani ana kompyuta hiyo karibu yako. Sio nani anasema anayo.

Hatua ya 7. Soma profoma (ankara ya awali ya muuzaji) mstari kwa mstari kabla ya kulipa. Namba ya modeli iwe kamili (HZJ79 ni 4.2, GDJ79 ni 2.8). Halafu angalia kiwango cha Euro, yaani cha usafi wa moshi. Gari la soko la Ulaya lina kichujio cha masizi kwenye ekzosi na linataka dizeli ya salfa ppm 10. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu hadi ppm 50. Agiza la soko letu.

Mimi ningechukua nini? Safari za lami, Kigoma–Kasulu–Kibondo au kwenda Tabora, sheli zinajulikana: 2.8 bila kufikiri. Inakwenda kilomita 10 kwa lita mahali 4.2 inakwenda 7 au 8. Nusu ya mwezi kusini mwa Uvinza na mafuta ya pipa: 4.2, na uvumilie kupitwa na mabasi.

Maswali karibuni. Someni kwanza.

---

mgebuka_mkavu: Mkuu kwa kifupi ipi nzuri?

Mwandishi: Hatua ya 1.

mgebuka_mkavu: Sina muda wa kusoma yote hayo, nitajie moja tu.

Mwandishi: Huna dakika kumi za kusoma ila una zaidi ya milioni mia ya kununua gari. Haya, chukua nyekundu.

Binti wa Heru Juu: Shikamoo mkuu. Sisi tuna pickup ya 4.2, mpya kabisa. Ikiwa Kigoma mjini iko sawa, ikipanda kwetu inalegea na kutoa moshi mweusi kidogo. Fundi anasema pampu mbovu tubadilishe. Je, inawezekana ni mlima wenyewe?

Mwandishi: Marahaba dada. Swali zuri hilo, na usibadilishe pampu bado. Ziwa liko mita 770 na ushee, kwenu mmepita 1,200 mbali. Hewa ikiwa nyepesi, injini isiyo na tabo inapumua kidogo, hesabu yake ni karibu 10% ya nguvu kwa kila mita 1,000. Pampu inaendelea kumwaga dizeli ileile, hewa haitoshi kuichoma, inabaki masizi. Ndiyo moshi wenu. Tabo inasukuma hewa yenyewe, ndiyo maana 2.8 haisikii sana mlima. Anza na bei rahisi: toa filta ya hewa, ipige taratibu, itazame juani. Vumbi la kiangazi likiziba, gari linakuwa kama liko mlima mwingine juu ya mlima. Moshi ukiendelea hata mkiwa Kigoma mjini, hapo pampu ipimwe. Ipimwe, sio ibadilishwe.

Binti wa Heru Juu: Tumeitoa. Imetoka vumbi la kujaza sufuria. Ahsante sana.

Mzee wa Kijiweni: Huu uzi ni wa kutisha watu wasinunue gari za kisasa. Mimi nina 2.8 mwaka wa tatu, haijawahi kunigusa.

Mwandishi: Unaishi wapi na unajaza wapi?

Mzee wa Kijiweni: Tabora mjini. Najaza sheli moja tu.

Mwandishi: Basi tumekubaliana, mzee wangu. Rudi aya ya mwisho ya somo, nimekutaja bila jina.

fundi_chipukizi: Kwa nini usichukue 1HZ ukafunga tabo ya nje? Unapata vyote.

Mwandishi: Watu wanafunga. Lakini injini hiyo inachomea mafuta kwenye vyumba vidogo ndani ya silinda hedi, haikutengenezwa kwa joto la tabo. Ukizidisha, hedi inapasuka au pistoni inayeyuka. Na gari jipya unafuta waranti siku hiyohiyo. Kama wewe ni fundi weka kipimo cha joto la ekzosi, usifuate sifa. Halafu, 1HZ ina mkanda wa taiming, unabadilishwa kila kilomita 100,000 na taa yake inawaka kwenye dashibodi. Kuna watu wanaitoa balbu. 2.8 ina cheni.

Mama Asali, Sikonge: Na ya petroli je? Ile V6 ya 4.0. Naona vijijini petroli ipo kila duka kwenye chupa, kwa sababu ya bodaboda. Dizeli ndiyo naikosa.

Mwandishi: Mama, hili sikuliwaza wakati naandika, umenifundisha. Kweli, petroli ya chupa iko hadi mwisho wa njia. Ila V6 inakunywa, weka kilomita 5 au 6 kwa lita, na chupa za dukani bei yake unaijua. Kama safari ni fupi na mzigo ni mizinga tu, hesabu inaweza kukubali. Ukivuta trela, hapana.

Mama Asali, Sikonge: Mchanga wa huku ndio unaniua zaidi kuliko injini.

Mwandishi: Punguza upepo. Kama unatembea na psi 35 kwenye matairi, shusha hadi 18 kwenye mchanga, mwendo pole, na uwe na pampu ya kujazia ukirudi njia ngumu. Jeki ikae juu ya kipande cha ubao wa mninga, bila hivyo inazama yenyewe.

mgebuka_mkavu: Nyekundu ipo ya 2.8?

Mwandishi: …

Dereva Kibondo: Mkuu nimesoma hatua ya 5 nikiwa njiani. Taa ya filta imewaka tangu asubuhi, nilikuwa nasubiri nifike. Nimemwaga kwenye chupa kama ulivyosema. Maji kidole kimoja. Gari ni 2.8 ya ofisi, bado linaunguruma vizuri.

Mwandishi: Zima sasa hivi. Usiwashe tena kujaribu. Mwaga mpaka itoke dizeli safi, halafu fungua na chini ya tenki, maji yaliyobaki yako huko. Nakupigia.